Mtoto Aliyeuamkia Mtungi

Kosa langu la kwanza lilikuwa hili: nilimfundisha binti yangu kuamkia wakubwa kabla sijamfundisha kuomba maji.

Nalitaja mapema kwa sababu najua nanyi mtashawishika kulifanya. Kazi ninayowasimulia haina ofisi. Unaanza kwa kumlea mtoto wako mwenye usonji. Halafu mtu anakuona naye stendi, mtoto amejiziba masikio kwa sababu ya honi, wewe umepiga magoti mbele yake unamsemesha polepole. Mtu huyo anakuomba namba ya simu. Siku chache baadaye unaitwa ukamwone mtoto wa shangazi yake. Hukuomba kazi, wala hukufanyiwa usaili, lakini umeshaajiriwa.

Nimeifanya hadi mwaka huu, Singida Mjini na vijiji vya pembeni, na sasa nimewaachia ninyi wazazi wadogo. Mimi mwenyewe si mzee. Sijafika arobaini, na mgongo unaoniuma ni wa cherehani, si wa miaka. Lakini nadhani mtu aliyeacha kazi anaruhusiwa kusimulia kama mstaafu, hivyo nivumilieni nikianza kuzungukazunguka.

Ni fundi cherehani. Sikufundishwa na mtu. Niliifumua suruali kuukuu ya mjomba, nikaishona upya, nikaifumua tena, mpaka kitambaa kikachoka kabla yangu. Ndivyo nilivyo. Kola ikipinda upana wa punje ya uwele, silali vizuri. Mteja hajaiona, mke wake hajaiona, mimi naiona. Mtu wa namna hii akipata mtoto asiyefuata mshono, jueni kuna shida inakuja, na shida haiko kwa mtoto.

Rozina alikuwa haongei. Hospitalini walituambia ni usonji, wakatueleza kwa upole kabisa kwamba si ugonjwa wa kuponya, ni namna alivyoumbwa, na kwamba tujifunze kumsoma. Mama Rozi alisikiliza yote. Mimi nilisikia jambo moja tu, kwamba huenda asiongee kama wenzake, nikaamua moyoni kwamba ataongea. Ningemfumua na kumshona upya.

Na neno la kwanza nililochagua lilikuwa shikamoo, kwa sababu ya baba yangu.

Baba anaishi kijijini, si mbali na Kiomboi. Kiti chake huwekwa mlangoni kabisa, kiasi kwamba hakuna anayeingia wala kutoka bila kupita mbele yake. Mtoto akipita bila kuamkia, baba hamgombezi mtoto. Anauliza ni wa nani, halafu anamwita mzazi. Rozina alipokuwa na miaka minne alimpita hivyo, macho kwenye ukuta.

"Huyu vipi?" baba aliniuliza.

"Bado mdogo, baba."

"Mdogo? Amenipita kama anapita gogo."

Ndugu zangu walicheka. Nami nilicheka, kisha nikarudi mjini na kicheko kile kimenikaa tumboni kama ugali usioiva.

Basi nikaanza mafunzo. Nilikuwa nashonea kwenye baraza ya duka la vitambaa la Bibi Zarina, mjane mmoja mwenye asili ya Kihindi ambaye amezaliwa Singida na anawajua watu wote kwa majina na kwa vipimo vya kiuno. Rozina alishinda pale kwenye marobota ya vitenge, akipitisha kidole kwenye mapindo ya kitambaa. Mzee akipita, namsimamisha: "Samahani, mzee, subiri kidogo." Namwelekeza Rozina. "Sema, shikamoo." Akitoa sauti inayokaribia, anapata biskuti. Asipotoa, hapati, na mzee anaendelea na safari yake akitikisa kichwa.

Ilichukua muda mrefu sana. Lakini siku moja akasema. Shikamoo, yote, na sauti nyembamba kama ya filimbi. Bibi Zarina alitoka nje ya kaunta.

"Fundi! Huyu ana adabu kuliko wajukuu zangu wa Dar. Wale wananipungia mkono kama wanaita teksi."

Nilimpeleka Kiomboi haraka, kabla neno halijapoa. Rozina alisimama mbele ya kile kiti na kusema shikamoo. Mzee yule, ambaye sijawahi kumwona akimkimbilia mtu, aliinuka.

"Marahaba, mama! Marahaba!" Alimwita mama kwa sababu Rozina amebeba jina la mama mzazi wa baba. Akaagiza kuku achinjwe. Kwetu ukichinjiwa kuku umepokelewa, hakuna barua ya kuthibitisha zaidi ya hiyo. Rozina hakumla, harufu ilimsumbua, lakini nilimla kwa niaba yake, na nilijiona baba hodari kuliko wote wa wilaya yetu ya Iramba.

Sasa sikilizeni vizuri.

Nyumbani tuna mtungi wa maji pembeni ya mlango wa jikoni. Wiki zilezile Rozina akaanza kusimama mbele ya mtungi na kusema, "Shikamoo." Mtungi, bila shaka, haukuitikia. Akasema tena. Tulicheka mpaka Mama Rozi akakaa chini. Majirani waliposikia walikuja kuona mtoto anayeuamkia mtungi, na ilikuwa mara ya mwisho nakumbuka nyumba yetu imejaa watu. Mmoja alisema kwa sauti nzito ya kizee, "Marahaba, mjukuu," akajificha nyuma ya mlango. Rozina alilia. Tukasema, ah, amechoka.

Aliamkia pia kabati, aliamkia mlango uliofungwa. Sikujiuliza hata mara moja kwamba vitu vyote alivyoviamkia vilikuwa na kitu ndani yake au nyuma yake.

Halafu ikaja Jumapili moja. Nilikuwa napiga pasi, Rozina akaja akasimama karibu nami. "Shikamoo." Nikajibu, "Marahaba." Akasema tena. Nikaitikia tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na anauma mkono wake, na neno limeanza kukatika, anasema mwisho wake tu. Mama Rozi akaniambia kutoka jikoni, "Baba Rozi, huyu mtoto ana kitu."

"Anafanya mazoezi," nikasema.

Na hili ndilo ambalo hata sasa mikono inasita kuliandika: nilimrekebisha. Nilishika kidevu chake, nikamwambia, "Siyo hivyo. Lote. Shi-ka-moo." Akalisema lote. Nikampa biskuti. Akaitupa.

Asubuhi mto wake ulikuwa na usaha. Sikio lilikuwa limeoza ndani na limepasuka.

Nesi aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima, hana haraka. Alimwangalia Rozina, akaniuliza, "Akiumwa huwa anasemaje?"

"Hasemi."

"Hasemi kabisa?"

"Anasema shikamoo."

Akacheka kidogo, akidhani natania. Kisha akamwona Mama Rozi usoni, akaacha.

"Na akitaka maji?"

Nilifungua mdomo kujibu, na mtungi ukanijia mbele ya macho. Njiani kurudi, Mama Rozi alisema sentensi moja tu: "Alikuwa anatuambia." Hajairudia mpaka leo. Afadhali angeirudia.

Ninyi mtakaokwenda nyumba za watu, kumbukeni jambo hili hata mkisahau mengine. Tulimpa mtoto neno moja, tukalifunga na biskuti. Kwa akili yake safi kabisa, hilo likawa neno la kupata kitu kutoka kwa dunia. Sisi tulisikia adabu. Yeye alikuwa anaomba.

Baada ya hapo nilianza upya, bila biskuti na bila wazee wa kusimamishwa njiani. Kikombe kimoja cha bati, chake peke yake. Akitaka maji, analeta kikombe, anapewa papo hapo, hata kama nimeshika mkasi katikati ya kitambaa cha mtu. Msimcheleweshe mtoto kwa kumtaka aseme vizuri zaidi. Akileta kikombe ameshasema. Kwa maumivu tulijifunza kushika. Mimi nikijichoma sindano, namwita, naweka mkono wake kwenye kidole changu, nasema, "Hapa panauma." Mama Rozi akiumwa kichwa, hivyohivyo. Tulikuwa tunaumwa mbele yake makusudi, kama waigizaji. Na mtoto akibadilika ghafla, akianza kujiuma au kugonga kichwa, msiseme ndiyo usonji wake. Angalieni masikio, meno na tumbo kwanza. Mpelekeni akapimwe.

Shikamoo ikafifia yenyewe. Sikuidai, ikaondoka.

Baada ya mavuno tulikwenda Kiomboi. Rozina aliingia na kikombe chake mkononi, akapita mbele ya kiti cha babu yake, moja kwa moja hadi penye maji, akainua kikombe. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nyumba ngeni, watu wengi, na ameomba mwenyewe! Niligeuka kumwambia baba, nikaukuta uso wake umekunjamana.

"Mama, hujaniona?" alimwita. Rozina anakunywa maji.

"Mwaka jana alijua," baba akasema.

"Alikuwa anakariri, baba."

"Na wewe ulikariri. Mimi nilikariri. Wote tulikariri, ndiyo adabu hiyo." Akaniangalia kwa muda. "Asiyejua nitamvumilia. Aliyejua akaacha, huyo amefundishwa kuacha. Siku nyingine uje peke yako."

Ningeweza kumweleza habari ya sikio palepale. Sikumweleza. Niliona aibu kumwambia mtu aliyetulea watoto wengi bila kupoteza hata mmoja kwamba mimi, mwenye mmoja, nilimpa biskuti akiwa anaoza sikio. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukamfungia Rozina mlango wa kwao.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya upweke wa namna ambayo hamtaambiwa kliniki. Mimi na Mama Rozi tukawa kama walinzi wa zamu, maana lazima mmoja abaki nyumbani na Rozina. Harusini anakwenda yeye, msibani nakwenda mimi. Ibada ya kwanza mimi, ya pili yeye, tunapishana getini na kupeana funguo. Watu wanadhani tumegombana. Hatujagombana, hatujapata nafasi. Kiomboi nikawa nakwenda peke yangu, nakula, naulizwa habari za mjini, na hakuna anayeuliza habari za Rozina, kwa heshima, kama mtu anavyokwepa kumtaja mfungwa.

Ndipo nikaanza kuitwa na wengine, na nikubali ukweli: nilikwenda kwa sababu kule nilisikilizwa. Kazi ya fundi ilisaidia. Mtoto anayevua sare ya shule kila dakika, mara nyingi mshono unamkwaruza. Kateni lebo ya shingoni, na mizizi yake ya uzi pia, maana ndiyo inayochoma zaidi. Soksi zivaliwe kinyume, mshono nje. Nilishona sare nyingi zenye mishono iliyolazwa bapa upande wa nje, na mwalimu mmoja akaniuliza kwa nini watoto wote ninaowashonea wanaonekana wamevaa nguo ndani-nje. Nikamwambia ndiyo mtindo wa mwaka huo. Akaamini, miezi michache baadaye nilimwona mwanawe naye hivyohivyo.

Kila mzazi, bila kukosa mmoja, aliniomba kitu kilekile: "Tusaidie tu aamkie." Nami, mwenye kosa langu, niligeuka mkali kama mtu aliyeacha pombe juzi. Hapana. Kikombe kwanza. Nilikuwa na hakika sana. Mtu akiwa na wasiwasi mwingi kama mimi, akipata hakika moja anaipiga watu nayo.

Mama Samweli wa Mungaa ndiye aliyeninyang'anya hakika hiyo. Mume wake alikuwa machimboni, yeye anaishi uani kwa mama mkwe na mtoto wa miaka saba asiyesema. Alikuwa anapeta mtama tukiongea, hakusimama.

"Kikombe ameshajua," akasema. "Nilimfundisha mwenyewe. Sasa nataka aamkie."

"Dada, kuamkia kutasubiri. Hayo ni mambo ya kuwafurahisha watu."

"Watu gani?"

"Wakwe, majirani."

Akapeta kidogo. "Kaka, wewe una nyumba ya kupanga mjini. Ukichoka na watu unafunga mlango. Mimi mlango ni wa mama mkwe. Huyu asipoamkia, mama mkwe anasema ametoka kwetu na laana ya kwetu, nimrudishe. Nimrudishe wapi?" Kisha akaniangalia. "Wewe kwenu Kiomboi unakwenda naye?"

"Siendi naye."

"Ahaa," akasema, akaendelea kupeta.

Sijawahi kujibiwa vizuri namna hiyo. Nilikaa pale na makapi yananiingia machoni, nikaelewa kwamba kwa mama huyu salamu haikuwa pambo. Ilikuwa paa la mwanawe. Nami nilikuwa namwambia aishi nje, kama nilivyomweka wangu.

Samweli alikuwa na mazoea yake: kuvipanga vigoda vya nyumba yote katika mstari uani. Bibi yake alikuwa akimfokea na kuvitawanya. Tulishauriana, mimi na mama yake, tukaanza na hapo. Bibi akitokea shambani, mama anamshika Samweli mkono wenye kigoda, wanakwenda pamoja, wanakiweka mbele ya bibi. Hakuna neno wala biskuti. Walifanya hivyo mpaka Samweli akaanza kwenda peke yake. Siku niliyokuwapo, bibi alikuwa bado hajaambiwa maana yake.

"Kila siku ananitupia vigoda," akasema. "Ananiambia nimezeeka?"

"Anakuamkia, mama," mkwe wake akajibu.

"Kwa kigoda?"

"Ndiyo mdomo wake, mama."

Bibi alisimama. Samweli naye alisimama, anatikisa vidole, anasubiri kigoda chake kikaliwe, kwa sababu kigoda kisichokaliwa kilimkera. Bibi akajiinamisha polepole, akakaa.

"Haya, marahaba," akasema. "Lakini ni kizito hiki. Mngempa kile kidogo aamkie nacho."

Nilipokwenda tena nilimsikia akiwatambia wenzake njiani: "Wajukuu zenu wanawaamkia wakikimbia. Wangu ananikalisha."

Nilirudi mjini na jambo moja la kufanya, nikaliogopa kwa wiki kadhaa. Mwishowe nikapanda basi la Kiomboi. Baba alikuwa pale mlangoni, anachonga mpini wa jembe. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamweleza sikio. Lote: mtungi, pasi, kidevu, biskuti. Nilieleza vibaya, narudi nyuma, nasahihisha, mpaka akasema, "Endelea tu, usifumue."

Nilipomaliza aliacha kuchonga.

"Usaha ulitoka?"

"Ulitoka."

"Na anasikia?"

"Anasikia. Upande ule kidogo."

Akachonga. "Ungeniambia mwaka ule."

"Niliogopa, baba."

"Ulimwogopa nani?"

"Wewe."

Hakukataa. Alipuliza vumbi la mti kwenye mpini, akauangalia kama umenyooka. "Mlete," akasema.

"Haamkii, baba. Huenda asiamkie kamwe."

"Nimesikia. Sijasema aamkie, nimesema mlete."

Tulipofika, mlangoni hapakuwa na kiti. Kilikuwa ubavuni mwa nyumba, upande wa ghala, ambako mtu anaweza kuingia na kutoka bila kupita mbele ya yeyote. Baba alikuwa amekaa huko peke yake, na koti limefungwa vifungo vyote.

"Mbona umekaa huku, baba?" nilimuuliza.

"Kule kuna upepo."

Kila mtu wa nyumba ile anajua upepo unapiga upande wa ghala. Rozina aliingia ndani akatoka, akaingia akatoka, na babu yake akamfuata kwa macho, hakumuuliza ni wa nani.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo sasa. Rozina ana miaka kumi na miwili na haamkii. Akiumwa, anachukua mkono wangu na kuuweka panapouma. Baada ya Samweli, hadi nilipowaachia ninyi kazi hii, sikumwambia tena mzazi yeyote kipi kianze. Niliwauliza ni nini kitamkosesha mtoto mahali pa kuishi, tukaanza na hicho na kikombe kwa pamoja. Harusi na misiba mimi na Mama Rozi bado tunapokezana, na majirani bado hawaji. Kiomboi tunakwenda wote watatu.